Bunduki ya Hatua Hamsini

Juzi nilishuka stesheni ya Barking kwenda kupimwa macho, na badala ya kufuata njia fupi nikafuata ile ya zamani inayoteremka kuelekea mtoni. Sikuwa na sababu yoyote ya kupita huko. Palipokuwa na yadi ya mbao sasa pana maghorofa yenye vibaraza vya vioo, na siku hiyo mafundi walikuwa wakikata mbao za msonobari za kujengea uzio. Harufu ile ilinisimamisha katikati ya njia. Binti yangu, aliyekuwa amenisindikiza, akanishika mkono na kuniuliza nina nini. Nikamwambia nasikia harufu ya babu yake.

"It's only wood, Mum," akasema, na wala hakukosea.

Lakini wewe, kama ulilelewa na watu waliohama kwao bila kuaga, unajua jinsi harufu moja inavyoweza kukuharibia siku nzima. Macho yangu yalipimwa na sikusoma hata herufi moja ya maana. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuvua koti, nikimfikiria baba, Mswidi wa yadini, na mnyama mmoja mkubwa ambaye hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyewahi kumwona.

Tulikuwa tukikaa vyumba viwili vya juu katika nyumba nyembamba, mwendo mfupi kutoka yadi ile. Baba alikuwa akirudi kazini na unga wa mbao masikioni, kwenye nyusi, hata ndani ya soksi. Alilikung'uta koti lake kwenye ngazi na mama akafagia nyuma yake akinung'unika, kila siku hivyo hivyo, mpaka nikawa nadhani ndiyo namna yao ya kusalimiana. Nyumba ilinuka mafuta ya taa ya jiko la kuotea moto, bizari, na nguo zilizokauka ndani. Jumamosi mama alipika wali na mchuzi wa nazi, siku ambazo nazi imepatikana, na nazi ilipatikana kwa Mhindi mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Unguja, aliyefungua duka huko Neasden. Baba alikuwa akibadilisha treni mbili kuifuata.

Huko Unguja baba alikuwa msasi. Si kwa kazi, maana kazi yake ilikuwa ya ukarani, bali kwa mapenzi. Siku za mapumziko walikuwa wakitoka watu watano sita na mbwa wao kwenda kuwawinda nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mihogo ya watu mashamba. Nguruwe waliwaacha hapo hapo, bila shaka, lakini akipatikana paa njiani, nyama iligawiwa mtaa mzima. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili aliyoachiwa na babu yangu, na akiisimulia ungedhani anamsimulia ndugu yake wa tumbo moja. London haikuwa na cha kuwinda ila njiwa na paka wa bibi Mwingereza wa nyumba ya pili. Baba aliwatazama njiwa wale dirishani huku akinywa chai, akisema huyu mnene, yule mzembe, na mimi nilimwonea huruma hata kabla sijajua huruma ni nini.

Kisha akaja Mswidi. Alikuwa msimamizi wa yadi, mtu mrefu, kimya, aliyekuja London na shehena ya mbao miaka mingi nyuma akabaki. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aligundua kwamba baba alikuwa msasi, na tangu hapo wakawa wanakaa pamoja juu ya rundo la mbao, wawili hao wenye Kiingereza cha kuungaunga, wakieleweshana kwa vidole. Kaka yake alikuwa na msitu kwao. Kila msimu wa majani kupukutika waliwinda humo mnyama wao mmoja, kulungu wa Ulaya, mkubwa kuliko farasi, pembe zake pana kama sinia. Mswidi akamwambia baba: mwakani twende wote. Ila uje na bunduki yako mwenyewe, na cheti chake kutoka polisi, kwa sababu kaka yangu haazimi mtu bunduki.

Baba alileta picha ya mnyama yule nyumbani. Mama aliitazama, akasema hilo ni kabati lenye pembe, akaenda zake jikoni. Baba aliibandika picha ukutani juu ya redio.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zikabadilika. Mswidi alimpa baba kitabu kinene cha bei za bunduki, chenye picha na vipimo, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na moja na Kiingereza cha shuleni, ndiye niliyekisoma. Baba alikaa kwenye zulia, mgongo ukutani, macho kayafumba, akinisikiliza kama watu wanavyosikiliza uradi. Nilijifunza maneno ambayo watoto wenzangu hawakuyajua. Nilijua kwamba risasi nyembamba ya milimita sita na nusu huenda mbali na kwa haraka, na kwamba ndiyo kipenzi cha Waswidi. Nilijua kwamba ile nene ya milimita tisa na pointi tatu huenda polepole na nzito, na ikigonga kijiti njiani haibabaiki.

Mswidi alikuwa ameeleza kwamba katika msitu ule hakuna mbuga ya kutazama mbali. Miti imesongamana. Mnyama hutokea ghafla, hatua arobaini, hatua hamsini, na una muda wa kuvuta pumzi moja. Kwa hiyo, baba alisema, darubini ya juu ya bunduki ni pambo tu. Karibu vile utaona manyoya matupu, hujui ni bega au ni paja. Mtutu uwe mfupi usikwame kwenye matawi. Bunduki iwe nyepesi kuinyanyua, lakini si nyepesi mno, maana risasi nzito ndani ya bunduki nyepesi itakuvunja bega. Na risasi za kasi hazifai kwa karibu, kwa kuwa hupasuka ndani na kuichafua nyama kwa damu. Nilimsomea, akapinga, nikarudia, akakubali. Sijawahi tena kumwona mtu akishindana na kitabu kwa furaha kiasi kile.

Tatizo lilikuwa kisu. Hapa Mswidi alipotea kabisa. Baba alikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyekuwa akitusomesha Kurani katika sebule yake, na mwalimu akataka kwanza kujua kama mnyama huyo ana chonge. Baba akaenda kumuuliza Mswidi, Mswidi akacheka mpaka akakohoa. Hana chonge, anakula majani. Mwalimu akasema basi ni halali, ila yeye katika kitabu alichosomeshwa, mnyama aliyeuawa na risasi amepondwa, hakuchomwa. Umkute yu hai, umchinje. Ukimkuta amekufa, waachie wenyewe.

Sasa unaona shida ya baba. Risasi ikiwa ndogo, mnyama anakimbia na jeraha lake, anakwenda kufa mbali, na hiyo ni dhambi na aibu juu. Ikiwa kubwa mno, anakufa kabla hujafika na kisu. Baba alitaka ya katikati, ya kumwangusha papo hapo pale shingo inapokutana na bega, miguu imkatike lakini pumzi ibaki. Mswidi aliposikia alimwambia kwamba maisha yake yote hajaona mtu akitafuta bunduki isiyoua.

Basi Jumapili asubuhi tukawa tunafanya mazoezi njiani, mbele ya nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa kulungu. Nilisimama kando ya boksi jekundu la barua, na baba akahesabu hatua hamsini kurudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya taa. Aliinua mwavuli begani, akasema bismillahi Allahu akbar, nami nikaanguka na kuanza kuhesabu kwa sauti. Baba alikimbia, koti likipepea, goti lake bovu likimvuta upande, mkononi ana rula yangu ya shule ndiyo kisu. Mara ya kwanza alinifikia kwenye kumi na tisa. Baada ya wiki nyingi akafika kwenye kumi na moja. Alinisimamia akihema, jasho linamtoka katika baridi ile, akaniwekea rula shingoni taratibu.

"Kumi na moja," akasema. "Bado yu hai huyo."

Bibi Mwingereza alimuuliza mama kwa upole kama mumewe ana nafuu. Mama akamjibu kwamba huo ndio uzima wake.

Mwishowe alichagua. Ya milimita tisa na pointi tatu, mtutu mfupi, bila darubini, kitako chake cha mti wa mjozi, ukurasa wa arobaini na nane. Mswidi, aliyekuwa ameisimamia ile sita na nusu miezi yote, alishika kitabu, akakitazama, akakubali kwamba kwa karibu hakuna ubaya. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akiimba, na akaacha kuwatazama njiwa. Tukajaza fomu ya polisi mimi na yeye, kwa kalamu ya wino, na ikaja barua kwamba askari atakuja nyumbani kutuuliza maswali.

Katika miezi yote hiyo mama hakusema kitu. Alitupikia, akafagia unga wa mbao, akaipangusa vumbi redio bila kuigusa picha. Siku moja kabla ya askari kuja, nilipotoka shule, aliniita jikoni nimsaidie kuchambua mchele. Hapo ndipo aliponisimulia habari ya karatasi.

Karatasi yenyewe nilikuwa naijua. Ilikaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na zile barua za kutoka Croydon za ruhusa ya kuishi hapa. Ilikuwa na muhuri, na ilisema kwamba imepokewa bunduki moja ya mitutu miwili kutoka kwa baba, aliyeileta mwenyewe kituoni kwa hiari yake. Mapinduzi yalipotokea ilitangazwa watu wapeleke silaha. Wengine walizificha. Baba aliifunga ya kwake katika kanga, akaibeba mpaka kituoni, akadai karatasi. Alikuwa akijivunia karatasi ile kuliko cheti chake cha shule. Kwake ilikuwa ushahidi kwamba hakumdanganya mtu.

Ambalo sikulijua ni kwamba wiki moja baadaye walikuja watu nyumbani kuiulizia bunduki. Baba alikuwa ametoka. Mama aliwaambia imeshapelekwa. Wakamwambia, karatasi iko wapi? Mama akaitafuta chini ya godoro, kabatini, ndani ya msahafu. Haikuwepo. Wakamchukua mjomba wangu, mdogo wake mama, kijana wa miaka ishirini aliyekuja kula chakula cha mchana tu. Baba aliporudi, karatasi ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa akitembea nayo kuwaonyesha watu. Akakimbia nayo kituo hiki na kile, siku tatu, na mjomba hakuonekana tena mpaka leo.

Mama alisimulia bila kulia, vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Mie sikwambii useme uongo, mwanangu," akasema. "Wewe jibu unaloulizwa tu. Usiongeze."

Askari alikuja alasiri, kijana mwenye masikio mekundu, akavua kofia na kukaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba anaogopa kukivunja. Baba alikuwa amevaa suti yake ya Idi. Kiingereza chake cha yadini kilimtosha yadini, lakini cha ofisini hakukiamini, kwa hiyo mimi nilikaa katikati yao. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Bunduki ya nini? Ya kuwindia kulungu. Ataiweka wapi? Kabatini, kwa kufuli. Nikaeleza habari ya hatua hamsini na risasi nzito, na askari akaandika, akatabasamu, akasema baba anajua zaidi yake.

Halafu akauliza kama baba aliwahi kumiliki bunduki. Baba alikuwa akilingoja swali hilo. Alifungua kopo la biskuti, akaitoa karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya plastiki, akamwekea askari mbele kwa mikono miwili. Akanigeukia. "Msomee, mwanangu. Yote."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sikumtazama usoni, nilitazama vikombe, na vikombe vilikuwa vikilia juu ya visahani.

Nikamwambia askari kwamba karatasi hii inasema serikali ya kule ilipokea bunduki ya baba baada ya mapinduzi.

Akauliza kwa nini iliichukua.

Jibu lilikuwa hapo, lina maneno machache, limeandikwa na kugongwa muhuri. Nilijua Kiingereza chake. Nikasema sijui.

Baba alinitazama. Mimi, kwa mazoea tu ya Jumapili zile, nikajikuta nahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na moja askari alifungua ukurasa mwingine wa daftari lake, na mama akaingia na chai. Vikombe vilikuwa vimetulia.

Barua ya kukataliwa ilikuja kabla ya majani kuanza kupukutika. Ilikuwa fupi, ya adabu, na haikuitaja ile karatasi. Huenda wangemkataa tu, mgeni asiye na ardhi wala mdhamini mwenye jina. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kuna siku naamini. Baba alinitaka nimsomee mara mbili. Kisha akasema haya, akaikunja, akaitia kwenye kopo pamoja na nyingine. Picha ya kulungu ilikaa ukutani mpaka jua likaifanya nyeupe. Kitabu cha bunduki alimrudishia Mswidi, kimefutwa vumbi, na kijiti cha kiberiti ukurasa wa arobaini na nane.

Mswidi alikwenda kwao peke yake. Aliporudi alimletea baba kipande cha nyama kilichokaushwa, kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Baba alishukuru sana, akamuuliza waliwinda kwa bunduki gani. Kwa sita na nusu, akajibiwa. Baba akacheka, mara moja tu. Nyama ile haikuchinjwa kwa hiyo haikuliwa. Alikwenda kuizika nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, na mimi nilimtazama kutoka dirishani, hapo alipokuwa akisimama yeye kuwatazama njiwa. Jumapili iliyofuata nilitoka nje nikasimama kando ya boksi la barua. Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Hakutoka.

Mama alitangulia kufa. Hakuwahi kuitaja siku ile, si kwa kunishukuru wala kwa kunilaumu, ila tangu hapo akawa ananitilia mimi kipande kikubwa cha samaki, na kila nilipokiona sahanini nilitamani kukirudisha.

Baba aliishi miaka mingi zaidi. Yadi ilifungwa, Mswidi akarudi kwao akafia huko, na mwalimu wa chuo akazikwa hapa hapa, mbali na watu wake. Katika wiki za mwisho nilikuwa nikikaa na baba mchana kutwa. Alikuwa mwepesi sana kitandani, na ile harufu ya mbao ilikuwa imemtoka, ananuka sabuni ya hospitali. Siku moja nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena. Nikamwambia kwamba siku ile, mbele ya askari, sikuisoma karatasi yote.

Hakushangaa. Alikaa akitazama dari, mkono wake umo mkononi mwangu.

"Nilisikia," akasema. "Kiingereza kile nilikuwa nakijua. Nikakungoja umalizie."

Nikangoja aseme kwamba amenisamehe, au kwamba hakuna neno, yale wanayosema wazee kumpumzisha mtoto. Hakusema. Akafumba macho, na baada ya kitambo akaniomba maji.

Siku hizi hakuna wa kumsimulia. Binti yangu anakisikia Kiswahili lakini hanijibu kwacho, na ukimwambia bunduki anadhani ni habari ya sinema. Boksi jekundu bado lipo, nimepita nikaliona, na nguzo ya taa imebadilishwa lakini imesimikwa pale pale. Nilizihesabu zile hatua. Mimi kwa miguu yangu ya utu uzima nilipata arobaini na sita. Karatasi iko kwangu, ndani ya kopo lile lile, na plastiki yake imekuwa ya manjano.

Yule askari, kama yu hai, ni mzee sasa, na sidhani kama anakumbuka alasiri moja katika nyumba nyembamba ya Barking. Lakini aliuliza swali, na swali lile halijajibiwa. Hawakuichukua, bwana. Aliifunga katika kanga ya mama yangu, akatembea nayo mchana kweupe mbele za watu, akaipeleka mwenyewe.